Sura ya Saba: Jina Lililo Kwenye Rejista

Mtu akiugua usiku katika senta ya Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, ana milango kadhaa ya kubisha. Kipo kituo cha afya ambako matibabu hayalipiwi, na mkimbizi hukaa benchi moja na mwenyeji wa wilaya ya Isingiro wakisubiri kuitwa. Yapo maduka ya dawa. Zipo kliniki ndogo za watu binafsi, chumba cha mbele cha kupokelea wagonjwa na cha nyuma chenye kitanda na chupa ya dripu. Katika milango yote hiyo, anayemhudumia ataitwa daktari. Muuguzi ataitwa hivyo, mkunga ataitwa hivyo, na muuza dawa naye pia.

Hatuwaiti hivyo kwa ujinga. Tunawapa heshima watu wanaotusaidia tukiwa katika hali mbaya. Lakini nyuma ya heshima hiyo yamejificha maswali matatu ambayo mgonjwa ana haki ya kujibiwa. Huyu alisomea nini? Nani alimruhusu kutibu? Na ruhusa hiyo ingali hai leo?

Maswali mawili ya kwanza watu huyauliza, hata kama ni kwa kunong'ona. La tatu huulizwa na wachache sana, na ndilo sura hii inalolishughulikia. Daktari anaweza kuwa alisoma kweli, akafaulu kweli, akasajiliwa kweli, kisha leseni yake ikaisha au ikasimamishwa. Cheti chake hakitabadilika rangi kwa sababu hiyo. Kitaendelea kuning'inia ukutani kikiwa na muhuri ule ule.

Usimuulize mwenye karatasi

Mtu anayetaka kununua kiwanja Mbarara hatoi fedha zake kwa kuonyeshwa hati tu. Huenda ofisi ya ardhi akatafuta kumbukumbu za kiwanja hicho, kwa sababu anajua kwamba karatasi iko mikononi mwa muuzaji, na muuzaji ana haja na fedha zake. Ukweli wa kiwanja umehifadhiwa na mtu wa tatu. Ukweli wa daktari nao umehifadhiwa na mtu wa tatu, yaani baraza lililomsajili. Hii ndiyo kanuni moja ninayotaka msomaji aichukue hata akisahau mengine yote: hadhi ya daktari huthibitishwa kwa aliyemsajili, si kwa daktari mwenyewe.

Kanuni hii ina umri mrefu. Mwaka 1858 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Madaktari iliyoanzisha rejista moja ya nchi nzima. Utangulizi wake ulieleza kusudi waziwazi: watu wanaohitaji tiba waweze kuwatofautisha waliohitimu na wasiohitimu. Rejista iliundwa kwa ajili ya mgonjwa. Utaratibu huo ulifika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza, na baadaye Uganda, Kenya na Tanganyika zikawa na mabaraza yao. Kilichosahaulika njiani ni mgonjwa mwenyewe. Leo wengi huona rejista kama jambo la madaktari na serikali.

Gharama ya kusahau huko ilionekana Nairobi. Septemba 2015 Wakenya walishtushwa na habari za mtu aliyekuwa akiendesha kliniki Githurai akijitambulisha kama daktari wa magonjwa ya wanawake, ilhali baraza la madaktari la nchi hiyo halikuwa na jina lake katika rejista. Novemba 2018 alikamatwa tena, safari hii kwa ajili ya kliniki nyingine, ya Kayole. Wanawake waliomwendea hawakuwa wapumbavu. Walikwenda kliniki, wakamkuta mtu anayeitwa daktari, wakamwamini kama mimi na wewe tunavyoamini kila siku. Rejista ambayo ingewaonya ilikuwapo. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ni yao.

Nani anamsajili nani

Ugumu wa kwanza Uganda ni kwamba hakuna daftari moja la wote wanaotibu. Yapo mabaraza tofauti, na anayetafuta jina katika daftari lisilo lake atamdhania mtu mwaminifu kuwa tapeli.

Madaktari na madaktari wa meno wako chini ya baraza lijulikanalo kwa kifupi UMDPC. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, UNMC. Matabibu, ambao Uganda huitwa klinikal ofisa, pamoja na wataalamu wa maabara, wa picha za mionzi na wengine, wako chini ya AHPC. Mabaraza haya matatu yanafanya kazi chini ya sheria za mwaka 1996. Maduka ya dawa hupewa leseni na Mamlaka ya Dawa ya Taifa, NDA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Leseni hiyo inamruhusu mwenye duka dogo kuuza dawa zile tu zisizohitaji cheti cha daktari. Haimruhusu kuchoma sindano wala kutundika dripu. Kwa hiyo mwenye duka anaweza kukuonyesha leseni halali kabisa, ya mwaka huu, na bado asiwe na ruhusa ya kufanya anachotaka kukufanyia.

Inasaidia pia kujua unayepaswa kumkuta katika kila ngazi. Kituo cha afya cha ngazi ya tatu Uganda huongozwa na tabibu, nacho huwa na maabara na chumba cha kuzalia. Daktari aliyemaliza chuo kikuu cha udaktari hupangwa kuanzia ngazi ya nne, penye chumba cha upasuaji. Mabingwa utawapata katika hospitali za rufaa za kanda, na kwa watu wa Nakivale hiyo ni ya Mbarara. Hivyo mkimbizi aliyetibiwa malaria na tabibu hajadanganywa. Ametibiwa na mtu aliyesomea kazi hiyo na ambaye sheria inamtambua. Udanganyifu huanza pale mtu anapojitwalia cheo kisicho chake, au anapofanya kazi ambayo cheo chake hakimruhusu.

Mbarara, na suala la bingwa

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, MUST, kilianzishwa mwaka 1989, na hospitali ya rufaa ya kanda ndiyo shule yake ya vitendo. Mgonjwa aliyetumwa huko kutoka Nakivale anaweza kuzungukwa kitandani na watu sita waliovaa makoti meupe. Mmoja ni mwanafunzi, mwingine ni daktari mtarajali aliye katika mwaka wake wa mazoezi baada ya kuhitimu, mwingine ni daktari kamili anayesomea ubingwa, na mmoja kati yao ndiye bingwa. Wote wana haki ya kuwa pale, ila si wote wenye mamlaka ya kuamua kwamba tumbo lako lipasuliwe.

Tofauti hizo zimeandikwa katika rejista ya UMDPC. Mtarajali ana usajili wa awali. Akimaliza mwaka wake anapata usajili kamili. Daktari kutoka nje anayekuja kufanya kazi kwa kipindi fulani hupewa usajili wa muda. Aliyemaliza shahada ya uzamili katika fani yake, au mafunzo yanayolingana nayo, huandikwa kuwa bingwa wa fani hiyo. Kwa upasuaji iko pia njia ya Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao makuu Arusha. Juu ya usajili huu wote inakuja leseni ya mwaka, ambayo daktari huiomba upya kila mwaka akionyesha kwamba ameendelea kujifunza.

Hapa ndipo watu wengi huchanganya mambo mawili. Usajili unasema mtu huyu ni nani katika taaluma. Leseni inasema anaruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Bingwa wa mifupa aliyesajiliwa miaka ishirini iliyopita na asiyeomba upya leseni yake bado alisomea mifupa, lakini leo hana ruhusa ya kukushika.

Ndugu zetu waliotoka Nakivale wakapelekwa Marekani hukutana na mpangilio mwingine, na ni vema waujue. Kule leseni hutolewa na jimbo, na ubingwa huthibitishwa na bodi zisizo za serikali. Ya kwanza, ya macho, iliundwa mwaka 1916. Tangu mwaka 1933 bodi hizo zimekuwa na chombo cha kuziunganisha, ABMS, na leo wanachama wake ni 24. Daktari wa Marekani anaweza kuwa na leseni ya jimbo bila kuthibitishwa na bodi yoyote, na sheria haimkatazi kutibu. Zamani uthibitisho wa bodi ulikuwa wa maisha. Bodi ya madaktari wa familia, iliyoundwa mwaka 1969, ndiyo iliyoanza kuwataka watu wake wathibitishwe upya baada ya kipindi maalumu, na nyingine zikafuata. Mgonjwa anayetaka kujua hali ya sasa huandika jina la daktari katika tovuti ya ABMS iitwayo Certification Matters na kupata jibu bila malipo. Uingereza nako, tangu Desemba 2012, daktari hupitiwa upya kila miaka mitano ili abaki na leseni yake.

Nchi hizi zimefika mahali pamoja kwa njia tofauti. Zote zimekubali kwamba ujuzi wa daktari huchakaa, tabia ya mtu hubadilika, na sifa aliyopewa akiwa kijana haiwezi kumdhamini hadi uzeeni.

Namna ya kuuliza

Mgonjwa wa Uganda huja kituoni na daftari la shule ambamo tabibu huandika maelezo ya ugonjwa na dawa alizotoa. Daftari hilo ndilo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu kuomba jina liandikwe humo hakumwaibishi mtu.

"Daktari, asante kwa kunipokea. Naomba uniandikie hapa jina lako kamili na namba yako ya usajili, ili nikienda Mbarara wajue nani aliniona."

"Hakuna shida, mama. Na chini yake nakuandikia dawa."

Mtaalamu wa kweli hakasiriki kwa ombi kama hilo. Namba yake ni jasho lake, na wengi hufurahi kuitaja. Anayekasirika, anayejibu kwa mzaha, au anayesema kila mtu hapa ananijua, amekupa sababu ya kuendelea kuuliza.

Ukishapata jina na namba, jiulize kwanza ni baraza lipi linalohusika. Kisha tafuta jina hilo katika orodha ambazo baraza hutoa kwenye tovuti yake, au wasiliana na ofisi yao. Asiye na simu ya intaneti amwombe kijana wa nyumbani, mwalimu au kiongozi wa kamati ya wakimbizi, ile iitwayo RWC. Ofisi ya mganga mkuu wa wilaya ya Isingiro nayo ina wajibu wa kujua vituo na kliniki zinazofanya kazi katika eneo lake.

Ukilipata jina, usiishie hapo. Angalia mambo manne: kama majina yote yanalingana, kama aina ya usajili ni ile aliyokuambia, kama fani iliyoandikwa ndiyo inayohusu ugonjwa wako, na kama leseni ni ya mwaka huu. Kwenye kliniki angalia pia leseni ya jengo ukutani na usome mwaka wake. Leseni ya jengo na ya mtu ni vitu viwili. Kliniki halali inaweza kuwa imemwajiri mtu asiye halali.

Ukilikosa jina, usikimbilie kumwita mtu tapeli. Waganda wengi huandika jina la ukoo kwanza na la ubatizo mwisho. Wanawake wengine walisajiliwa kabla ya kuolewa. Majina ya Kikongo na Kirundi huandikwa kwa tahajia zaidi ya moja. Mwanzoni mwa mwaka orodha mpya huwa haijajaa, maana maombi bado yanashughulikiwa. Tafuta tena kwa namba, kisha uliza baraza moja kwa moja. Likikujibu kwamba halimfahamu, au kwamba amesimamishwa, hapo una neno la kulipeleka polisi na kwa ofisi ya wilaya. Mabaraza yenyewe hupokea malalamiko dhidi ya watu wao, na mkimbizi ana haki ya kulalamika kama mwananchi.

Iko hali moja ambayo haya yote husubiri. Mama anayetokwa na damu, mtoto anayepata degedege au mtu aliyegongwa na bodaboda hapaswi kucheleweshwa kwa sababu ya rejista. Mpelekeni kituo cha afya au hospitali mara moja. Uthibitisho ni kwa ajili ya maamuzi yenye nafasi ya kufikiri: upasuaji uliopangwa, matibabu ya muda mrefu, daktari mpya wa familia, kliniki mpya iliyofunguliwa senta.

Na hata jina likipatikana, rejista ina mipaka yake. Inakuambia kwamba mtu alihitimu na anaruhusiwa. Haikuambii kwamba atakusikiliza, wala kwamba mkono wake hautakosea. Inaondoa hatari moja kubwa na kuziacha nyingine kwako.

Daktari aliyekimbia bila cheti

Hadi hapa nimemtetea mgonjwa. Nakivale inatulazimisha kumtazama pia mtu mwingine.

Makazi haya yalifunguliwa mwaka 1958, na waliotangulia kuishi humo kwa wingi walikuwa Wanyarwanda. Baada yao wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waeritrea na Waethiopia. Watu hao walikuja na taaluma zao. Muuguzi aliyefanya kazi miaka kumi Kivu hapotezi ujuzi wake anapovuka mpaka wa Bunagana. Anachopoteza ni mtu wa kumshuhudia. Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia kilifungwa dola ilipoanguka mwaka 1991. Goma, mashariki mwa Kongo, iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Mtu anayekimbia risasi huchukua watoto kwanza. Shahada hubaki sandukuni, na sanduku hubaki ndani ya nyumba.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi mwenye sifa zinazotambuliwa na mamlaka za nchi haki ya kufanya kazi ya taaluma yake. Maneno yenye uzito hapo ni kutambuliwa na mamlaka. Maana yake ni kulinganishwa kwa vyeti, kutafsiriwa kwa Kiingereza hati za Kifaransa, barua kutoka chuo alikosoma na baraza lililomsajili kwanza, na mitihani. Kwa mtu anayelima robo eka na kusubiri mgao, kila hatua ina nauli yake na ada yake. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini uanachama wa nchi haumpi daktari wake leseni ya Uganda.

Matokeo yake Nakivale ni mabaya kwa pande zote. Wapo wataalamu wa kweli wanaotibu kimyakimya nyuma ya nyumba kwa sababu majirani wanawaomba na wao wanahitaji kula. Wapo pia wasiosoma kitu wanaojificha nyuma ya kisa hicho hicho, kwamba vyeti vyao viliungua vitani. Mgonjwa hawezi kuwatofautisha. Anayejua kazi na asiyeijua wanafanana, na anayefaidika na kufanana huko ni asiyeijua.

Jibu haliwezi kuwa kufumba macho na kuwaacha wote watibu. Mkimbizi hastahili tiba ya kubahatisha kwa sababu tu ni mkimbizi. Lakini haliwezi pia kuwa kudai barua kutoka ofisi iliyochomwa moto. Ulimwengu umeanza kutafuta njia ya kati. Zambia ilianza kujaribu mwaka 2019 pasi ya sifa za elimu ya UNESCO, ambamo mkimbizi hupimwa kwa hati chache alizonazo pamoja na mahojiano. Pasi hiyo haigeuki leseni ya udaktari, ila inampa mtu mahali pa kuanzia. Mtihani wa vitendo chini ya uangalizi wa madaktari wa hospitali ya kufundishia ungeweza kuonyesha kile ambacho karatasi zilizopotea haziwezi tena kuonyesha. Mbarara ina hospitali hiyo, ina chuo hicho, na iko mwendo mfupi kutoka Nakivale.

Uganda yenyewe ina sababu ya kulielewa jambo hili. Katika miaka ya 1970, chini ya Idi Amin, madaktari wake wengi walikimbia, na huko walikokwenda walilazimika kuwathibitishia wageni kwamba walikuwa madaktari.

Rejista imfikie mgonjwa

Kuthibitisha daktari kumeachwa kuwa kazi ya mtu mmoja mmoja, mwenye simu, mwenye Kiingereza, mwenye ujasiri. Mama wa New Congo, Nakivale, aliyezoea Kiswahili na Kifaransa hawezi kulaumiwa kwa kutofungua orodha ndefu ya Kiingereza kabla ya mtoto wake kuchomwa sindano. Aliyeiandaa rejista ndiye anayepaswa kuifikisha kwake.

Kuifikisha hakuhitaji fedha nyingi. Kila kliniki ibandike mlangoni jina kamili la anayetibu, kada yake, namba ya usajili na mwaka wa leseni, kwa lugha zinazozungumzwa pale: Kiswahili, Kinyarwanda, Kisomali, Kinyankole. Kila kamati ya RWC iwe na namba za simu za mabaraza na mtu mmoja aliyefundishwa kuzitumia. Wahudumu wa afya wa vijijini, wale wa VHT wanaopita nyumba kwa nyumba, waeleze tofauti ya duka la dawa, kliniki na kituo cha afya kama wanavyoeleza matumizi ya chandarua. Na kila mwaka leseni mpya zinapotolewa, ofisi ya wilaya isome hadharani majina ya kliniki zilizoruhusiwa Nakivale, ili kliniki isiyotajwa ijulikane na wote kwa siku moja.

Wabunge wa London walilitaka jambo hili zaidi ya miaka 160 iliyopita: anayehitaji tiba aweze kumjua aliyehitimu. Mgonjwa wa Nakivale anastahili uwezo huo huo, na mtaalamu mkimbizi anastahili njia ya haki ya kuingia katika daftari hilo. Anayesubiri matengenezo hayo asisubiri kuuliza. Anapopokelewa kesho, afungue daftari lake na kuomba jina liandikwe.